Kitenzi Kisichosomwa kwa Kukaa

Mama Pascasie hakuwa mtu wa kutisha kwa umbo. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo kwa nje, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Alitufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari iliyo juu ya kilima, hapa Kalemie, miaka ile nchi ikiitwa Zaire. Na kama yupo mtu anayebisha kwamba mwalimu wa Kiingereza anaweza kuisumbua ofisi ya Chama tawala kwa kitenzi kimoja tu, basi akae kitako anisikilize mpaka mwisho, halafu ndipo abishe.

Kwanza niweke sawa jambo la majina. Wakati huo majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Kazini na shuleni kila mtu aliitwa kwa jina la mababu zake, na mbele yake tukaamrishwa kuweka “sitwayen,” yaani raia, kwa mwanaume na “sitwayeni” kwa mwanamke, kwa sababu bwana na bibi nayo yalikuwa maneno ya wakoloni. Mbele ya bendera yeye alikuwa Sitwayeni Nakalunga. Sokoni na nyumbani alikuwa Mama Pascasie. Mimi nitawaita wote kwa majina yao ya nyumbani, maana wale waliokuwa wakitutoza faini wameshaondoka na hakuna aliyewalilia. Mimi mwenyewe ni Zabibu, binti wa Papa Ramazani wa mtaa wa Kataki, aliyekuwa akivusha chumvi na sabuni kutoka Kigoma. Sisi Waislamu hatukuwa na ubatizo wa kukatazwa, lakini faini zilitupata kwa mlango mwingine.

Mama Pascasie alizaliwa upande wa Baraka, kaskazini ya ziwa. Vita vya mwaka sitini na nne vilipofika kwao alivushwa ng'ambo, msichana mdogo asiye na viatu, akapokelewa Ujiji katika nyumba ya mwalimu mmoja. Mke wa mwalimu alikuwa na tabia yake: hakumwambia neno la Kiswahili kutwa nzima. Nenda dukani, panda huko juu, shuka ziwani, pita kwa fundi, ingia jikoni, yote aliyasema kwa Kiingereza, na msichana akikosea anarudi mwanzo. “Sikufundishwa,” alikuwa akituambia. “Nilitumwa.” Aliporudi upande huu akasomea ualimu, akaletwa kwetu.

Sisi wa darasa la sita, la mwisho la sekondari, tuliokuwa tukisubiri mtihani wa Serikali, tulikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, nacho kilikuwa chake. Tulikariri. Go to, go into, go up, go down, go across, go past. Tulivipigia makofi vijineno hivyo mpaka dirisha likatetemeka, na kesho yake tukiulizwa hakuna anayejua kipi kinakwenda wapi. Na kosa halikuwa la akili zetu. Kiswahili kina kupanda, kushuka, kuingia, kuvuka, kupita. Kila mwendo una neno lake, limekamilika, halina deni. Mwingereza ana “go” moja, halafu anaibandika kijineno nyuma kila anapogeuka. Sisi tuliolelewa tukisema “naenda soko” bila kitu chochote katikati, tuliandika “I go market” na kuweka kalamu chini tukijiona tumemaliza. Wale waliokipenda Kifaransa walikuwa wabaya zaidi, waliandika “I go at the market” kwa majivuno makubwa.

Siku moja Mama Pascasie alikifunga kile kitabu, akakiweka dirishani.

“Simameni,” alisema. “Kitenzi hiki hakisomwi kwa kukaa.”

Ndivyo lilivyoanza. Kila saa ya Kiingereza tulitoka. Sheria yake ilikuwa moja: mguu kwanza, mdomo baadaye. Hakuna kusema sentensi ambayo mguu haujaifanya. Tukiteremka kilima tulisema kwa pamoja, “We are going down the hill.” Tukifika barabara kubwa tukaifuata reli mpaka stesheni, tukapita mbele ya ofisi ya Chama, tukaingia sokoni, tukavuka kidaraja, tukarudi. Ukisema “into” huku bado umesimama nje ya soko, unarudishwa nyuma na kuingia upya, mbele ya wauza mihogo wote, na wao hawakuwa watu wa kukustahi. Alphonse, kijana mrefu ambaye baba yake alikuwa mvuvi, alirudishwa mara nyingi mpaka wauzaji wakaanza kumsaidia: “Bado, mutoto, bado, weka muguu.” Siku nyingine mmoja wetu akasema “We are going to home,” Mama Pascasie akatikisa kichwa. “Home haitaki kijineno,” alisema. “Kwenda kwenu, unahitaji nini katikati?” Tulilishika hilo bila kukariri.

Mbele ya meza za ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, alikaa Denise. Inabidi niseme habari zake hapa. Mwaka uliotangulia Denise alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa darasa la sita, na hakuna aliyedhani angekosa diplome. Lakini mwaka ule darasa lao zima lilichukuliwa kwa animasyo. Asiyezijua enzi hizo huenda haelewi, basi nieleze: animasyo ilikuwa kuimba na kukata viuno kwa kumsifu Kiongozi, ukiwa umevaa kitenge cha Chama, kila mkubwa anapowasili, kila sikukuu, kila mtu huko juu anapojisikia kusifiwa. Mazoezi yalianza asubuhi yakaisha jua likizama. Darasa la Denise lilicheza msimu mzima. Kisha wakapelekwa kwenye mtihani wakiwa na sauti zimekauka na vichwa vitupu, na wakaanguka karibu wote. Baba yake Denise alisema hana minerval nyingine, ile ada ya shule, ya kutupa ziwani. Denise akapewa beseni, akaanza kuuza ndagala.

Na Denise hakumsalimia tena Mama Pascasie. Mwaka mzima. Darasa letu lilipopita sokoni aligeuza uso akapanga visamaki vyake upya, ingawa vilikuwa vimeshapangwa. Lakini masikio hayageuzwi. Siku moja nilikosea, nikasema tunaingia sokoni wakati tulikuwa tunalielekea tu, na kabla mwalimu hajafungua mdomo, Denise alisema kwa nguvu kutoka nyuma ya beseni, “To!” Soko likacheka. Siku iliyofuata alijitwika beseni lake akatufuata, hatua chache nyuma, akisema sentensi zote. Bado hakumsalimia mwalimu. Mama Pascasie naye hakumwambia kitu, ila alipunguza mwendo kidogo ili mwenye beseni asiachwe.

Sasa, miaka ile vijana wengi wakitembea pamoja na kupaza sauti pamoja, maana yake ilikuwa moja tu. Hakuna aliyewaza kwamba vijana wanaweza kupaza sauti kwa ajili ya kitu kingine. Kwa hiyo tulipopita mbele ya ofisi ya Chama tukisema “We are going past the office,” kwa mguu wa kushoto na wa kulia, mkubwa wa animasyo alitoka barazani na kutusikiliza kwa furaha kubwa. Huyu ndiye Sitwayen Kilumba, ambaye mama yake na soko zima walimjua kama Gaspard. Alikuwa na abakosti, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, ya rangi ya majani makavu na tumbo lililoipa abakosti hiyo kazi. Alitupigia makofi.

“Sitwayeni, groupe yako iko muzuri sana,” alisema. “Na banaimba Kiingereza. Nani alikupa hiyo mawazo?”

“Hawaimbi, sitwayen. Wanasoma.”

“Banasoma namna gani, na banatembea?”

“Hivi ndivyo kinavyosomwa.”

Gaspard alicheka, akamtikisia kidole kwa upole. “Munaficha. Ninajua, munatayarishia Chama siprizi.”

Mama Pascasie akaona hakuna haja ya kubishana na mtu aliyefurahi. Tukaenda zetu. Kumbe furaha ile ndiyo iliyotuponza. Haikupita wiki, prefe wa shule yetu, yaani mkuu wake, Papa Florent, mtu mpole aliyeogopa hata kengele yake mwenyewe, alimwita Mama Pascasie na kumpa habari. Komisera wa mkoa atashuka bandarini pamoja na wageni wanaosema Kiingereza, waliokuja kuangalia shughuli za bandari. Sitwayen Kilumba ameshamwahidi komisera kwamba Kalemie ina kikundi cha animasyo kinachoimba Kiingereza, pekee katika mkoa mzima. Darasa la sita litaanza mazoezi mara moja, asubuhi na jioni. Na wageni wakiondoka, mazoezi yataendelea, kwa sababu sikukuu ya Chama haiko mbali. Maneno ya nyimbo Gaspard ameshayatunga kwa Kifaransa. Kazi ya Mama Pascasie ni kuyageuza Kiingereza.

Mama Pascasie alirudi darasani akatueleza yote bila kupunguza. Kisha akasema, “Mimi nakwenda kukataa. Zabibu na Alphonse mtakuja nami, mkae kimya, mwone kwa macho yenu, asije mtu akasema nililia.”

Ofisi ilinukia rangi mpya. Gaspard alitupa viti, akatupa na maji, akidhani tumekuja kuchukua vitenge.

“Sikatai Chama, sitwayen,” Mama Pascasie alisema. “Ninakataa saa zangu kuchukuliwa.”

“Saa ni ya Leta, Mama,” alisema, akimaanisha Serikali.

“Ni ya Leta, kweli. Na Leta ndiyo iliyonileta niwafundishe hawa, na Leta ndiyo itakayowapa mtihani. Haitawauliza viuno.”

Gaspard aliacha kutabasamu. “Mwaka jana hukusema vile.”

“Mwaka jana sikusema.”

“Unajua Kiambi?”

Kiambi iko mbali, upande wa Manono, juu ya mto Luvua. Mwalimu akiudhi alipelekwa huko, na tulikuwa tukiitaja kama mahali ambapo watu husahauliwa.

“Naisikia,” alisema Mama Pascasie.

“Kule hakuna umeme, hakuna treni, hakuna kitu. Bantu banalima na banavua, njo vile tu.”

“Watoto wapo?”

“Batoto beko mingi sana.”

“Basi kuna kazi,” alisema, akasimama. “Asante kwa maji.”

Tuliposhuka ngazi aliushika ukuta kama bibi kizee. Ninalisema hili kwa sababu baadaye watu walisimulia kwamba Mama Pascasie hakuwa na woga, na huo ni uongo wa kumpunguzia heshima. Aliogopa sana. Ila tulipofika chini alisema, “Zabibu, tumefanya nini sasa hivi?” nami nikajibu, “We are going down the stairs,” na yeye akasema, “Haya, umeona.”

Hatukwenda mazoezini. Gaspard alituma watu, Papa Florent akawaambia darasa liko njiani, na kweli lilikuwa njiani, kila siku, mbele ya baraza ya Gaspard mwenyewe. Sijui kama mwalimu yeyote katika Zaire nzima amewahi kuficha darasa kwa kulipitisha mchana kweupe mbele ya mtu anayelitafuta. Gaspard hakutaka fujo mbele ya watu wa soko, akangoja siku yake. Aliamua kwamba asubuhi ya mapokezi ataleta lori la vijana wa Chama, watupakie, tuvishwe vitenge bandarini, na mbele ya komisera hakuna atakayethubutu kufunga mdomo. Mpango haukuwa mbaya. Lakini Papa Florent, kwa woga wake huohuo, alipita kwa Mama Pascasie kumwonya asije kuchelewa siku hiyo, na katika kumwonya akamwambia kila kitu.

Asubuhi ile tulimkuta getini jua likichomoza.

“Leo tunafanya ‘across’ kubwa,” alisema. “Asiyetaka arudi nyumbani, sitamkumbuka kwa ubaya.”

Hakurudi mtu. Tulishuka kilima, tukafuata njia, tukaenda mpaka daraja la mto Lukuga. Katikati ya daraja alitusimamisha tuseme, na tulisema kwa sauti ya kuwatia hofu ndege. “We are going across the river.” Nikikumbuka sauti ile leo bado moyo unapanda. Tulikuwa vijana ambao tangu utotoni tulipigishwa kelele za watu wengine, na siku hiyo kelele ilikuwa yetu. Ng'ambo tuliingia kwenye mashamba ya mihogo, tukakaa kivulini, tukafanya hesabu, jiografia, Kifaransa, kila kitu kilichokuwa kwenye programu. Saa ya njaa ilipofika Denise, aliyekuwa ametufuata na beseni lake kichwani, alilishusha akalisukuma katikati yetu. Ndagala zake zote za siku hiyo. Mama Pascasie alimtazama, akataka kusema neno, Denise akageuza uso. Tukasikia honi ya meli inaingia bandarini, mbali, na tukaendelea kutafuna.

Yaliyotokea bandarini niliyapata kwa baba yangu, aliyekuwa akishusha sabuni. Komisera alishuka, wageni wakashuka, kina mama wa soko waliovishwa vitenge wakaimba nyimbo za kila siku. Kisha komisera akauliza kikundi cha Kiingereza kiko wapi. Gaspard akasema kiko njiani. Wakangoja juani. Lori likarudi tupu. Mwishowe Gaspard, jasho limelowesha abakosti mpaka mgongoni, alisimama mwenyewe mbele ya wageni akajaribu kuwakaribisha kwa Kiingereza alichokiokota kwetu akiwa barazani, na akawaambia kwa sauti kubwa kwamba wanapita ofisi. Baba alikisimulia kisa hiki kila sikukuu mpaka kifo chake, na kila mara alilia kwa kicheko.

Lakini cheko lilikuwa letu kwa jioni moja tu. Kesho yake Gaspard alipanda kilima mwenyewe. Hakuzungumza tena habari za Kiambi. Alisema Jumatatu, wakati wa kupandisha bendera, Sitwayeni Nakalunga atasimama mbele ya shule nzima, wazazi na watu wa soko waitwe, aombe msamaha kwa sauti. Asipoomba, darasa la sita halitafanya mtihani. Ataandika kule mkoani kwamba ni darasa la waasi, na majina yetu yatafutwa.

Hapo alikuwa amempata pabaya, na alijua. Mambo yote ya Mama Pascasie, kutembea, kukataa, kuvuka, yalikuwa kwa ajili ya mtihani ule.

Wazazi walikwenda kwake Jumapili. Baba yangu ndiye aliyesema. “Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini huyu mutoto nikimukosesha diplome sina ingine njia ya kumusaidia. Sema maneno yao, yaishe.”

“Nitaomba msamaha, Papa Ramazani,” alijibu. “Ninao msamaha wa kuomba.”

Wazazi wakashukuru, wakaondoka mioyo imetulia. Mimi nilibaki nimekasirika mpaka machozi. Nilitaka akatae. Nilikuwa na umri wa kutaka mtu mwingine awe jasiri kwa niaba yangu, na nililala bila kula kwa sababu ya kumchukia Gaspard, na kumchukia Mama Pascasie kidogo pia.

Jumatatu uwanja ulijaa. Wazazi upande mmoja, watu wa soko wameachia meza zao, Denise kati yao na kitambaa chake chenye harufu ya ndagala. Gaspard alisimama karibu na mlingoti, amevaa abakosti nyingine. Papa Florent alishika karatasi ya hotuba. Mama Pascasie alipanda kwenye jukwaa la saruji. Alikuwa ameweka nywele vizuri.

“Nimeambiwa niombe msamaha,” alisema. “Naomba.”

Gaspard akaitikia kwa kichwa.

“Mwaka jana walikuja kuniomba darasa langu, nikasema sawa. Sikupigwa, sikufungwa. Niliambiwa tu Kiambi, nikaogopa, nikasema sawa. Watoto wakacheza ngoma msimu mzima, mimi nikawa nakaa darasani peke yangu na mshahara wangu unaingia. Kisha wakaanguka. Denise alianguka, mtoto niliyejua anaweza. Hata nilipomwona na beseni sokoni sikuwa na uso wa kumwambia kitu. Denise, na wenzako wote, hata wale wasiokuwepo hapa, naomba msamaha wenu. Nilikuwa mwalimu wenu nikawatoa.” Alimgeukia Gaspard. “Hilo ndilo kosa langu na sina lingine. Habari ya daraja siiombei msamaha. Darasa lile nililivusha kwa akili zangu timamu, na mkinipa lingine kesho, nitalivusha.”

Gaspard alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta neno la kumkamatia, na halikuwepo, maana alitaka msamaha mbele ya watu, na watu walikuwa wameusikia.

Hapo Papa Florent, ambaye sikuwahi kumwona akimaliza sentensi mbele ya mkubwa, aliikunja karatasi yake akaiweka mfukoni.

“Ameomba msamaha,” alisema. “Siye wote tumesikia. Mambo imeisha. Bendera.”

Na bendera ikapanda, nasi tukaimba wimbo tulioamrishwa, na hakuna siku ambayo niliuimba kwa nguvu vile, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa namwangalia Gaspard usoni.

Denise hakusogea alipokuwa. Watu walipoanza kutawanyika alipita katikati yao mpaka kwenye jukwaa, akasimama mbele ya Mama Pascasie, akapiga goti kidogo kama watoto wanavyowasalimia wakubwa.

“Jambo, Mama,” alisema.

“Jambo, Denise.”

Ilikuwa ni hilo tu. Mama Pascasie alishuka akaingia darasani haraka, akafunga mlango, na tulimwacha.

Majina yetu hayakufutwa. Papa Florent alikuwa ameshapeleka neno mkoani kwamba suala limekwisha kwa adabu, mbele ya mashahidi. Lakini Gaspard hakuwa mtu wa kulala na njaa. Kabla wiki haijaisha Mama Pascasie alipewa uhamisho wa Kiambi, aondoke bila kuchelewa, na darasa la sita libaki bila Kiingereza mpaka mtihani. Alipakia godoro lake na sufuria mbili juu ya lori la mihogo. Tulitaka kumsindikiza kwa kundi, akakataa. “Rudini darasani,” alisema. “Nimelipa bei kubwa kwa saa hizo, msizitumie kulia.” Alikaa Kiambi miaka mingi. Aliolewa huko na mkulima, akazaa, na mtu anayetoka upande wa Luvua ukimsikia anasema Kiingereza bila kubabaika, muulize alikisomea wapi.

Na nikuondolee wasiwasi: mtihani tuliufanya, na wengi wetu tulifaulu. Denise naye aliingia mtihani kwa ule mlango wa watahiniwa wasio na shule, akafaulu kutuzidi wengi. Lakini siyo hapo ninapotaka kuishia.

Ninataka kuishia Jumatatu ile ya kwanza baada ya lori kuondoka. Saa ya Kiingereza ilifika. Ubao ulikuwa mtupu, kiti kilikuwa kitupu, na Papa Florent alikuwa amesimama koridoni akitazama viatu vyake, maana ofisi ilikuwa imemkataza kuweka mwalimu mwingine. Tulikaa. Kisha mlango ukasukumwa kwa goti, akaingia Denise na beseni. Alilishusha pembeni, darasa zima likanuka ndagala, akajifuta mikono kwenye kitenge chake, akasema, “Simameni.” Alikuwa na umri wetu, na hakuwa na diplome yoyote. Papa Florent alimwona akipita. Aligeuka akaenda kuangalia upande wa pili wa shule, ambako hakukuwa na kitu.

Tukateremka kilima. Tukafuata reli. Mbele ya ofisi ya Chama tulikuwa tumeshaanza sentensi Gaspard alipotoka, akashuka mpaka barabarani, akatuzuia kwa mikono miwili.

“Wewe wa ndagala,” alisema, “nani alikupa ruhusa?”

Denise alimwangalia. Alikuwa msichana tu, na mtu yule angeweza kumfanya lolote, na sisi nyuma yake tulijua hivyo.

“Sikuomba, Gaspard,” alisema.

Jina lile, mchana, barabarani, mbele ya ofisi yake mwenyewe. Denise alimzunguka, nasi tukamzunguka, mmoja baada ya mwingine, mikono yake ikiwa bado hewani. Kisha Denise akageuka kwetu akatuambia turudie kwa sauti, kwa sababu wa nyuma hawakusikika.